Kwa Nyamizi, Niliyemwita Msaidizi

Gongoni, Tabora
Alasiri, siku moja kabla hujaondoka

Mwanangu Nyamizi,

Mambo ya koti, pasipoti na kutomwachia mtu usiyemjua begi lako nimemwachia mama yako. Ameshayasema mara tatu tangu asubuhi na atayasema tena stesheni, wewe itikia tu. Sasa hivi mmekwenda Chemchem kumuaga shangazi yako, karakana imebaki kwangu peke yangu, na nimekaa kwenye benchi la randa nakuandikia kwa penseli ya kuchorea mbao kwa sababu kalamu sikuiona. Mahali maneno yatakapofifia usidhani nililia. Ni penseli imeisha ncha.

Nina jambo moja la kukueleza, na si zuri. Nakuonea wivu. Sizungumzii ule wivu mtamu wa mzazi asiyetaka mwanawe aende mbali. Nazungumzia wivu wenyewe, ule wa jirani anayekosa usingizi kwa sababu jirani mwenzake ameezeka bati jipya. Umenikaa rohoni tangu ulipoanza kujifunza Kiitaliano, na umenifanya nikutendee jambo ambalo unalijua nusu tu. Nataka ulijue lote kabla treni haijafika Tura. Nimetaja Tura kwa sababu ndiko safari yangu pekee ya treni ilikoishia, ile mara nilipopeleka madawati. Hata hilo linaniuma, kwamba wewe utapita Tura unakula karanga dirishani wala hutageuza shingo.

Kiitaliano kilikuwa changu, Nyamizi. Kabla hujazaliwa mtaa mzima ulikuwa ukiniita Mtaliano. Nilifanya kazi miaka sita kwa Bruda Piero, yule mtawa aliyekuwa na karakana ya useremala, nikatoka kwake na randa kuukuu, na ile karatasi iliyo kwenye fremu hapo ukutani, na maneno yangu arobaini au hamsini. Prendi, chukua. Porta, lete. Tieni forte, shika sana. Piano, taratibu. Basta, inatosha. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakutuma kwa maneno hayo mbele ya wateja, wewe unakimbia kuleta msasa, nao wanabaki midomo wazi kwamba hata mtoto wa Fundi Ramadhani anasikia lugha ya Roma. Na kila mteja mpya nilimsogeza kwenye fremu. "Soma mwenyewe kama unaweza," nilikuwa nawaambia. "Mtaliano kaandika kwa mkono wake kwamba mimi ni seremala kamili." Hakuna aliyeweza kusoma, nami sikuweza, lakini nilijua kilichoandikwa kwa sababu Bruda alinikabidhi huku amenishika bega.

Halafu akaja Mama Graziella kutoka Italia na darasa lake la Kiitaliano kwenye ukumbi wa parokia, mara tatu kwa wiki. Ulipoomba ruhusa nilikupa haraka. Nilifikiri utarudi jioni kuniuliza mimi maana ya maneno. Hukuniuliza hata moja. Ulikaa uani unaosha vyombo huku unajiuliza na kujijibu mwenyewe. Che lavoro fai? Unafanya kazi gani? Sono falegname, mimi ni seremala. Dove lavori? Unafanya kazi wapi? Lavoro con mio padre, nafanya kazi na baba yangu. Che cosa studi? Unasomea nini? Mimi nilikuwa ndani najifanya nasikiliza taarifa ya habari, kumbe sikio lote liko uani. Miaka sita niliyokaa kwa Bruda, hakuna aliyewahi kuniuliza swali lolote kati ya hayo. Nilijua kuitikia lugha ile kwa mikono na mgongo. Kusema kwa lugha ile mimi ni nani, sikufundishwa, na wewe ulifundishwa wiki ya pili. Usiku ule nilimwambia mama yako tumbo linaniuma, nikalala bila kula.

Na kilichonichoma zaidi ni hilo neno falegname. Unaijua desturi yetu mafundi. Mtu hajiiti fundi. Anaweza kukaa miaka, mikono yake ikajua kila kitu, lakini atabaki "kijana wa Fundi fulani" mpaka siku fundi wake amsimamishe mbele ya mteja na kusema: huyu ni fundi sasa, kazi yako mpe yeye. Neno hilo halidaiwi, na mwenye kulidai hulikosa. Wewe hukulidai. Ulikaa na mimi miaka minne tangu umalize kidato cha nne, ukafagia maranda, ukanoa patasi, ukajua kuichagua mbao ya mninga kwa kuinusa tu. Mwaka wa pili nilishajua kwamba uko tayari. Nilinyamaza. Kila nilipotaka kulisema nilikuwa nakuta sababu nyingine ya kungoja, mara mguu wa meza umekaa upande, mara umechelewa kuwasha jiko la gundi.

Sasa nije kwenye kasha la Bi Zuhura. Ubavu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa mpaka unapitisha kidole, na kwao wanasema lile kasha lilifika Tabora kichwani mwa mpagazi, zama za misafara. Aliponiletea nilimwambia halitengenezeki. Wewe ukaniomba ulijaribu. Ulichukua ubao wa kitanda kibovu cha mninga wa zamani, kwa kuwa mbao mpya ingejionyesha, ukaukata, ukauunga bila msumari hata mmoja, kisha ukachonga yale maua yaliyopotea, jani kwa jani, kwa wiki tatu. Siku ulipomaliza nilipitisha kiganja kutafuta mahali pa maungio. Sikupaona. Nilipitisha tena ulipotoka kwenda kuswali, nikiomba nipate kasoro. Hayo ndiyo maombi ya baba yako siku ile.

Bi Zuhura alipokuja kulichukua alikuta Mama Graziella amemleta mgeni wake kutoka kwao, bwana mmoja mrefu mwenye kamera. Bi Zuhura aliinama akalishika lile ua, akasema, "Fundi Ramadhani, Mungu akuzidishie. Mikono hii!" Nikasema, "Alhamdulillahi." Wewe ulikuwa umesimama na ufagio. Ningeweza kusema pale pale, mteja alikuwepo, kazi ilikuwepo, desturi yote ilikuwa imekamilika. Nilisema Alhamdulillahi tu, nikapokea sifa yako kama posho yangu.

Kisha yule mgeni akanigeukia. "E Lei, che lavoro fa? Dove ha studiato?" Na wewe je, unafanya kazi gani, ulisoma wapi? Na mimi, Mtaliano wa Gongoni, nikajibu kwa sauti kubwa, "Sì, sì! Bravo! Piano piano!" Bwana wa watu alibaki ananitazama. Ndipo wewe ukaweka ufagio chini ukamwambia kwamba baba yako ni seremala, alisoma kazi kwa mtawa wa Kiitaliano, naye ndiye aliyekufundisha. Ulisema kwa heshima, sentensi fupi fupi za mtu anayeanza. Wote walicheka kwa furaha, hata Bi Zuhura aliyekuwa haelewi lolote. Mimi nilicheka pia, na nilikuchukia, mwanangu. Haikuchukua hata dakika nzima, lakini ilikuwa chuki kabisa, na sitakudanganya kwamba ilikuwa kitu kingine.

Katika hali hiyo ndipo ulipokuja na habari za chuo. Chuo cha kutengeneza samani za kale, huko kwao Mama Graziella. Picha za kasha ulishazituma, walichotaka ni barua ya mtu uliyefanya kazi kwake. Nilikaa siku tisa bila kuiandika. Ulikuwa ukiniuliza kwa adabu, "Baba, ile barua?" nami najibu, "Kazi nyingi." Mwishowe niliandika mistari minne nikampelekea Mama Graziella aifasiri. Alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mzee Ramadhani, hapa umeandika msaidizi."

"Ndiyo."

"Una uhakika? Na hili kasha? Umeandika alisaidia kulitengeneza."

"Mama, andika kama nilivyoandika. Huyu ni mwanangu, mimi ndiye namjua."

Sikukudanganyia umri wala tabia. Nilibadilisha neno moja tu, na nikatoka pale najiambia kwamba nimekulinda usije ukavimba kichwa. Mama yako aliniona ninavyoingia uani napiga mluzi akasema, "Baba Nyamizi, wewe leo umemfanyia mtu ubaya." Nikamwambia aache uchawi.

Siku ya mahojiano uliniomba nije. Ulitaka niwepo, na mimi nilikuja nimevaa kanzu nyeupe, nikakaa benchi la nyuma la ukumbi, wewe mbele ya kompyuta ya Mama Graziella. Yule mama mwenye miwani myekundu, mkuu wa chuo, alikuuliza lile swali ulilolijibu uani mara elfu. Che lavoro fai? Ukajibu bila kutetemeka, sono falegname. Akainamia karatasi. Akasema mengi, na katika yote nikanasa neno moja, aiutante. Msaidizi. Kwa Bruda nilikuwa nikiitwa hivyo kutwa mara ishirini, sikuweza kulikosa. Nikajua anakuuliza kwa nini barua inasema hivi na wewe unasema vile.

Uligeuka ukanitazama. Kama ungenitazama kwa hasira ningepumua. Ulinitazama kama mtu anayemuuliza mwenzake anataka nini, chai au uji, ili amletee. Nami nikatazama feni ya darini. Basi ukarudi kwenye kompyuta ukasema, "Mio padre ha ragione. Sono aiutante." Baba yangu yuko sahihi. Wakakupokea, lakini wakakuweka mwaka wa kwanza na watoto wasiowahi kushika msumeno, badala ya mwaka wa pili uliouomba. Njiani tukirudi ulinunua mahindi ya kuchoma, ukanipa kipande kikubwa.

Nilidhani utaniuliza. Ungeniuliza ningekuwa mkali na mambo yangeisha kwa ukali. Kunyamaza kwako ndiko kulikonishinda. Siku ya tatu nikaona nitafute haki yangu mahali pengine. Nikaing'oa fremu ukutani, nikaifunga kwenye gazeti nikaenda nayo kwa Mama Graziella. Nilitaka ashuhudie kwamba zamani mtu alikuwa hapewi neno seremala kwa kusoma daftari jioni. Mimi nililipata kwa miaka sita, Mtaliano mwenzake akaliandika. "Nisomee," nikamwambia, "kwa Kiswahili, na kwa sauti."

Alisoma kimya kwanza. Kisha akaniuliza, "Nyamizi hakukusomea hii?"

"Ya nini? Ninaijua."

"Alikuja nayo kwenye simu mwezi wa pili wa darasa. Aliipiga picha. Aliniuliza kama amesoma vibaya." Akaisogeza fremu karibu yangu. "Nikamwambia amesoma vizuri."

Ndipo akanisomea. Ramadhani ni kijana mwema. Ni mtiifu na ana nguvu. Hubeba mbao bila kulalamika na hafiki akiwa amelewa. Nampendekeza kwa kazi yoyote ya mikono. Ndivyo ilivyoandikwa, Nyamizi, na wewe unajua kwamba imeishia hapo. Neno seremala halimo. Niliangika sifa za punda ukutani miaka thelathini nikazifutia vumbi kila Ijumaa.

Bruda hakuwa mtu mbaya. Nilipougua malaria alininywesha dawa kwa kijiko. Lakini mwaka wangu wa mwisho wateja walikuwa wakiingia wanaulizia viti vya Ramadhani, naye alikuwa akitabasamu huku anasugua sikio, na sasa hivi najua tabasamu lile ni la nini kwa sababu na mimi ninalo. Au huenda najifariji tu, huenda hakuniona kabisa. Sitajua. Ninachojua ni kwamba wewe ulisoma karatasi ile, ukarudi karakana, ukaendelea kunisikia nikiwatangazia wateja cheti changu, na hukunivua nguo. Kwa hiyo siku ya mahojiano ilikuwa mara ya pili unanisitiri. Mimi nimekula kwa jasho lako na sitara yako, halafu bado nilikuonea wivu. Nilipomweleza mama yako alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata macho. "Umri wote huu," akasema, "na mtoto ndiye anayekulea." Nilimkasirikia mpaka magharibi.

Kama kuna kitu ninachokijua kuliko wewe, ni hiki kimoja, na nimekipata kwa kuchelewa. Huko utakokwenda watakupenda kwa upole wako. Watasema binti huyu hana neno, binti huyu anasikia. Mimi nilisifiwa hivyo nikaona raha, nikazidi kubeba mbao. Mtu anayekusifu kwa utii tu, mwonyeshe kazi yako. Akikataa kuitazama, hata awe ni mzazi wako, tafuta mwingine wa kumwonyesha. Sina zaidi ya hapo. Mengine mengi niliyokuwa nayashika kama hekima naona yalikuwa kinyongo changu tu kimevaa kanzu.

Jana nilikwenda kwa Bi Zuhura. Nilisimama barazani kwake nikamwambia, "Bi mkubwa, lile kasha ni kazi ya Nyamizi, tangu ubao mpaka ua la mwisho. Nyamizi ni fundi, na nilipaswa kulisema siku ile." Akaniambia, "Keti unywe kahawa. Nilijua. Jicho lako wewe siku hizi haliwezi jani dogo vile." Kumbe mtaa mzima ulikuwa unanisitiri. Hata hivyo nimeshalisema mbele ya mteja, ila wewe hukuwepo, na desturi hiyo nimeiharibu, siwezi kuirudia ikawa ile ile.

Leo asubuhi niliposema nakwenda kununua gundi sikwenda kununua gundi. Nilikwenda kwa Mama Graziella tukapiga simu chuoni. Alitaka anisemee, nikakataa. Na lile daftari lako la Kiitaliano ulilolitafuta wiki nzima mpaka ukamlaumu paka kwa kuangusha rafu, ninalo mimi. Nimejifunzia humo tangu Jumatatu, nyuma ya rundo la mbao. Yule mama mwenye miwani myekundu alipopokea nikasema yote bila kupumua: "Sono Ramadhani. Sono falegname. Nyamizi è mia figlia. Anche lei è falegname." Nyamizi ni binti yangu, na yeye ni seremala. Hapo Kiitaliano changu kikaisha, Mama Graziella akafasiri yaliyobaki. Nilimwambia kwamba barua ile ilisema uongo, aliyesema uongo ni mimi, kasha ni lako peke yako, na kwamba nilifanya hivyo kwa wivu. Mama Graziella alinitazama kuuliza kama afasiri na hilo la wivu. Nikamwambia afasiri.

Mama yule akasema hawezi kubadilisha kitu kwa maneno ya simu, na ana haki, maana mtu aliyeandika uongo mara moja ataaminiwa vipi? Lakini wiki ya kwanza watakupa ubao na siku mbili, wakuone mwenyewe. Ukifaulu utaingia mwaka wa pili. Ukishindwa utabaki na watoto.

Tulipokuwa tunaagana akauliza swali moja zaidi. Sijui alitaka nini nalo, huenda alikuwa na hasira na mimi kwa niaba yako. Aliuliza, kati yangu na wewe, nani fundi zaidi. Mama Graziella alifasiri huku anatazama nje. Nilijua ningeweza kusema mimi, na usingedhurika, kila mtu angeona ni sawa, ndimi niliyekufundisha. Nilitaka kusema mimi. Simu ilikuwa inahesabu dakika na mimi nimeikamata kwa mikono miwili. Nikasema, "Mia figlia."

Sikujisikia vizuri baada ya hapo, kama watu wanavyodai mtu hujisikia akisema kweli. Nilitembea mpaka huku Gongoni nimekasirika na wewe njia nzima, na hata sasa ninapoandika sijapoa. Kwa hiyo wakikupa huo ubao, Nyamizi, usiniheshimu. Usipunguze kitu kwa ajili yangu, kama ulivyopunguza siku ile. Nimeshawaambia kwamba umenizidi, na imeniuma kulisema. Usije ukanifanya mwongo mara ya pili.

Baba yako,
Ramadhani